Kwa Heshima ya Ripoti ya Uthamini

Wapo waliosifu embe dodo, wapo waliosifu chai ya tangawizi, na juzi nimemsikia mtu redioni akiusifu uvumilivu wa abiria wa Mbagala. Sina ugomvi nao, ila kusifu kinachopendwa ni kazi ya mvivu. Mimi leo nasimama kwa ajili ya kitu kisicho na mtetezi: ripoti ya uthamini wa nyumba, lile bunda la kurasa lenye picha za choo na ramani ya kiwanja, linalolaaniwa na muuzaji, mnunuzi na dalali siku moja, kila mmoja kwa sababu inayompinga mwenzake.

Muungwana husifiwa kuanzia ukoo wake. Kwa miaka mingi ardhi tupu ya Tanzania haikuwa na bei mbele ya sheria. Ardhi ilikuwa ya umma. Ulichoruhusiwa kuuza ni kile ulichokiongeza juu yake. Watu hawakuchelewa kuelewa. Kiwanja kiliuzwa kwa fedha za maana, na mkataba ukaandika kwamba kilichouzwa ni msingi wa nyumba na minazi miwili. Ukiisoma mikataba ya namna ile utadhani Dar es Salaam ilikuwa inaota minazi ya dhahabu. Kisha ikaja Sera ya Taifa ya Ardhi ya 1995, ikafuatwa na Sheria ya Ardhi ya 1999, zikatamka hadharani jambo ambalo kila dalali wa Sinza alikuwa analijua: ardhi yenyewe ina thamani. Hapo mthamini akaacha kuhesabu minazi peke yake. Mwaka 2016 akatungiwa sheria yake, yenye Mthamini Mkuu wa Serikali na Bodi ya kusajili wathamini, na ripoti yake ikawekewa ngazi ya kupanda: haitoshi aliyepima nyumba kuweka sahihi, ni mpaka ikapate idhini kwa wakubwa.

Hiyo safari ya kutafuta idhini ndiyo sifa yake ya kwanza. Imewafundisha Watanzania wengi subira kuliko mahubiri. Imevunja mauzo ya papara, imewapa wachumba muda wa kufikiri upya kama kweli wanataka kununua nyumba pamoja, na imewanenepesha wauza chai walio karibu na ofisi za ardhi.

Sifa ya pili niliiona kwa mjomba wangu wa Tabata. Mjomba alipata mnunuzi wa nyumba yake kwa milioni 180. Mnunuzi alikuwa anakopa benki, na benki haitoi mkopo kwa kutazama uso wa mtu, ilitaka ripoti. Mnunuzi akaomba thamani ipande, ili mkopo utoshe. Mjomba naye aliomba ipande, maana bei ndiyo hiyo. Ila alipokumbuka kwamba muuzaji hukatwa asilimia 10 ya faida kama kodi ya ongezeko la mtaji, na kwamba watu wa kodi, TRA, nao wangeisoma karatasi hiyohiyo, akamvuta mthamini pembeni, chini ya mwembe.

"Binti yangu, ya benki iandike milioni 180. Ya TRA iandike 60."

"Mzee wangu, nyumba ni moja."

"Nyumba ni moja, lakini shida ni mbili."

Mthamini, binti mdogo aliyesoma Chuo Kikuu Ardhi, akacheka kwa adabu, akaendelea kuvuta tepu yake. Alipima vyumba, akapiga picha nyufa ambazo mjomba alikuwa amezisogezea kabati, akaandika. Baada ya wiki kadhaa jibu likaja: milioni 120. Mnunuzi akakosa mkopo wa kutosha, akaaga kwa heshima, hatukumwona tena.

Mjomba alitaka kujua hesabu hiyo imetoka wapi. Je, vigae vipya havikuonekana? Na geti la kuteleza? Ripoti ilikuwa na majibu. Mthamini hapimi nyumba kwa jicho la mwenye nyumba. Huitazama pamoja na nyumba na viwanja vya jirani vilivyouzwa karibuni, vinavyokaribiana nayo kwa ukubwa, barabara na hati, halafu anaongeza hapa na kupunguza pale. Mjomba akafungua ukurasa wa majirani akiwa tayari kumtukana yeyote aliyemshusha bei. Wa kwanza katika orodha alikuwa yeye mwenyewe.

Miaka mitatu nyuma aliuza uwanja wa nyuma. Alilipwa fedha nyingi, nyingine ndani ya bahasha, na mkataba ukaandikwa robo ya kiasi hicho ili kodi isiwe kubwa. Mjumbe alishuhudia, sahihi zikawekwa, soda zikanywewa. Majirani wengine wawili katika orodha nao waliuza kwa mtindo huohuo, na mjomba alikuwa shahidi wa mmojawapo. Basi ripoti ilichofanya ni kukusanya uongo wa mtaa mzima, kuujumlisha, kuugawanya, na kumrudishia mwenyewe ukiwa umegongwa mhuri. Kama kuna kioo kinachosema kweli zaidi ya hicho, mimi sijakiona.

Watasema mthamini angeuliza madalali. Huwauliza! Lakini dalali naye ana maradhi yake: kwake kila nyumba iko "mita mia tu toka lami", kila hati ni safi, na bei anayoitaja ni bei ya kuanzia ndoto. Mkataba unavuta chini kwa ajili ya kodi, dalali anavuta juu kwa ajili ya asilimia yake, na katikati amesimama binti mwenye tepu, ambaye akipindisha hesabu anaweza kufutwa kwenye rejista. Nani mwingine mjini hapa anatukanwa na pande zote mbili kwa kosa la kukataa kuwa wa upande wowote? Labda refa wa Simba na Yanga.

Kwa hiyo anayesema kanuni za uthamini zinakwamisha soko la nyumba anasema kweli, na mimi nasifu hilo pia. Zinakwamisha soko lenye bei mbili: moja ya mdomoni, nyingine ya karatasini. Benki inakopesha kwa ile ya karatasini. Mwenye fedha taslimu ananunua kwa ile ya mdomoni na kuondoka na nyumba, na mwalimu mwenye mshahara na barua ya mkopo anabaki kupanga. Ripoti haikumnyima mwalimu nyumba. Ilisoma tu tulichoandika.

Kisha barabara ikaja Tabata, na nyumba ya mjomba ikawa kwenye njia yake. Wathamini wakarudi, safari hii wa fidia, na mjomba aliyekuwa akiwaita wezi akavaa suti ya harusi ya binti yake. Akapigwa picha mbele ya nyumba ameshika kibao cha namba kifuani, anatabasamu kama mshindi wa bahati nasibu. Usiku uliotangulia alikuwa amepanda miche 40 ya michungwa katika eneo linalotosha mbuzi wawili kulala. Mazao nayo hulipwa, na nchi yetu ina michungwa mingi iliyoota usiku wa kuamkia tathmini.

Hapa ndipo mashairi ya ripoti yalipo. Kanuni za fidia za 2001 zimefikiria kila kitu. Unahesabiwa posho ya makazi sawa na kodi ya pango ya miezi 36, na nauli ya kusafirisha tani 12 za mizigo ndani ya kilomita 20. Mjomba hafikishi tani 12 hata ukipakia wapangaji wake wote na makabati yao. Ipo pia posho ya usumbufu. Usumbufu wa kung'olewa ulipozikiwa kitovu unapatikana kwa kuzidisha thamani ya mali kwa wastani wa riba ambayo benki hulipa kwenye akiba ya muda maalumu ya miezi 12. Machozi yamepimwa, na riba yake inajulikana. Niambie ni mshairi gani aliyewahi kufika huko.

Na kama viumbe vyote, ripoti hii hufa. Kwa sheria ya 2016, uthamini wa fidia ambao haujalipwa huisha nguvu baada ya miaka miwili, na watu hupimwa upya. Wanaocheka sharti hilo waende Kipawa na Kipunguni, jirani na uwanja wa ndege, ambako watu walithaminiwa mwaka 1997 na wengine wakasubiri malipo zaidi ya miaka kumi, huku bei za jiji zikiwapita kama mwendokasi. Karatasi inayojua kufa ina adabu kuliko karatasi inayoishi milele ikiwa na bei ya zamani.

Mjomba bado anasubiri. Nakala ya ripoti ameifunga kwenye mfuko wa plastiki chini ya godoro, pamoja na cheti cha ndoa, na tarehe ya kuisha kwake anaijua kuliko siku ya kuzaliwa kwangu. Majuzi jirani alikuja kumwomba awe shahidi wa mauzo ya kiwanja. Mkataba ulikuwa umeandikwa kwa desturi: bei ndogo, bahasha nene. Mjomba akavaa miwani, akasoma, akaurudisha bila kusaini.

"Andika bei yenyewe," akasema.

Jirani akaduwaa. Mimi nikajaa fahari, nikaanza kutafuta maneno ya kumpongeza mzee kwa uadilifu wake. Akanitangulia.

"Mjomba, mwakani hawa wathamini wanaweza kuja kunipima tena."