Sifa za Tk

Wafalme wametungiwa kasida, mabibi harusi wameimbiwa taarabu, hata ng'ombe ana wa kumsifu. Tk haina mtu. Nasema ile kelele ndogo inayobaki pale ulipokata sauti kwenye kompyuta: umeweka kishale ndani ya Audacity, umebonyeza Ctrl na I klipu ikawa mbili, umefuta uchafu, umeburuta kipande cha pili kuziba pengo, unasikiliza. Tk. Changarawe kwenye wali.

Basi nitaisifu mimi, na nitaanza na nasaba, maana mheshimiwa huyu si mtoto wa kuokotwa. Sauti ni wimbi linalopanda na kushuka likivuka mstari wa sifuri. Ukilikata likiwa kileleni, ukaliunga na jingine lililo bondeni, spika huamriwa kuruka kutoka huku hadi kule ndani ya sampuli moja tu. Na kwa kiwango cha CD, sekunde moja ina sampuli 44,100. Daladala ikifunga breki namna hiyo, abiria wote huishia mapajani kwa dereva. Mafundi wa zamani walilijua hilo. Walikata tepu kwa wembe, tena kwa mshazari, ili sauti inayotoka na inayoingia zipishane kidogo mlangoni. Tepu ikikimbia sentimita 38 kwa sekunde, silabi ya sehemu ya kumi ya sekunde ilikuwa na urefu wa karibu sentimita nne. Uliweza kuibandika ukingoni mwa meza ukaenda kunywa chai.

Tazameni na haya yake. Ukiisaka kwa spika za laptop huisikii. Hujisitiri mpaka faili limfikie mteja mwenye hedifoni nzuri. Wala haibagui: studio ya mamilioni inaitembelea, na chumba changu kilichozibwa kwa magodoro inakitembelea.

Lakini fahari yake kubwa ni ukweli, hasa kwa sisi wasema Kiswahili, ambao ukanushi wetu mara nyingi tumeutundika kwenye kisilabi kimoja mlangoni mwa neno. Chukua "hatukubali". Ondoa "ha". Sijui lugha nyingine ambamo uongo ni rahisi hivyo.

Nilimrekodi shangazi yangu akieleza habari za kiwanja cha ukoo. Katikati alikohoa, na kikohozi kikagusana na neno lililofuata. Nikakata, nikasogeza, nikasikiliza: "Tk. Tukubali kuuza." Shangazi, ambaye tangu nimfahamu hajakubali hata bei ya nyanya! Bila ile tk ningeituma kwenye kundi la familia, na leo mngekuwa mnasoma tanzia yangu. Ctrl na Z, upesi. "Ha" ikarudi mahali pake.

Najua dawa za kuiua. Herufi Z huipeleka alama ya mkato hadi wimbi linapovuka sifuri. Na unaweza kufifisha sauti pande zote mbili za kiungo. Safari ya pili nilikata kikohozi peke yake, kwa adabu, dawa sikutia. Nikampelekea shangazi asikilize. Alisikiliza macho kayafumba, ilipopita tk akayafumbua.

"Hapa palikuwa na kikohozi changu," akasema. "Umekipeleka wapi?"