Milford Sound kwa Meli: Tunahesabu Kutoka Tisa Hadi Moja

Kusini-magharibi mwa New Zealand, Bahari ya Tasman imeingia kilomita kama 15 ndani ya milima. Wamaori wanapaita Piopiotahi; ramani nyingi zimeandika Milford Sound. Ni fyodi, yaani bonde lililochimbwa na mito ya barafu, kisha barafu ikaondoka na bahari ikaingia kukaa. Meli za watalii hufuata ukuta mmoja wa milima hadi bahari kuu, hurudi kwa ukuta wa pili, na safari nzima ni kama saa mbili. Saa mbili tu! Kuna watu huzimaliza wakijipiga picha. Wewe usiwe mmoja wao. Haya hapa mambo tisa ya kutolea macho, tukianza na la chini kabisa na kupanda. Asiyeridhika na mpangilio huu aende akaupange upya akiwa sitahani. Hapo sote tutakuwa tumepata tulichotaka.

9. Barabara

Ndiyo, tunaanzia nchi kavu. Kutoka Te Anau ni kilomita 118, na katikati hakuna mji mwingine. Jaza mafuta, jaza na tumbo. Karibu na mwisho, mlima umekaa njiani na haukusudii kuhama, kwa hiyo barabara inapita ndani yake: handaki la Homer, kilomita 1.2. Kazi ilianza mwaka 1935, wakati wa mdororo wa uchumi, na waliopewa sururu na toroli ni wanaume waliokuwa hawana ajira. Maporomoko ya theluji yaliwaua baadhi yao. Magari yalianza kupita mwaka 1954. Ukiingia humo, punguza redio kidogo. Wanastahili hilo.

8. Kea

Huyu ni kasuku wa milimani, wa kijani, mwenye akili nyingi na adabu kidogo. Husubiri pale magari yanaposimama kungoja zamu ya kuingia handakini, kisha hushuka kutafuna mipira ya madirisha na waipa. Abiria chunga mzigo wako, na dereva achunge gari lake! Ila chipsi zako usimpe hata akikukazia macho. Kea yumo hatarini kutoweka, na chakula cha watu kinamzoeza barabara inayomuua.

7. Usubi

Ukishuka garini tu, wenyeji wamekuja kukupokea. Ni wadogo, ni weusi, na wanauma kwa bidii ya mtu anayelipwa kwa kazi. Wanatoka jamii moja na usubi wanaojulikana Mahenge, kule Ulanga nchini Tanzania, ambao husambaza ugonjwa wa upofu wa mtoni. Hawa wa New Zealand hawaambukizi ugonjwa huo, wanaishia kukuwasha. Kapteni James Cook alilalamika juu yao mwaka 1773, alipotia nanga kwenye fyodi nyingine upande wa kusini.

Simulizi ya Wamaori inaeleza walikotoka. Mungu aitwaye Tu-te-raki-whanoa alizichonga fyodi hizi kwa tezo, akianzia kusini, na kila alivyosogea kaskazini mkono wake ulizidi kuwa fundi. Piopiotahi ndiyo kazi yake iliyokamilika kuliko zote. Hine-nui-te-pō, mungu wa kike wa mauti, alipoona uzuri ule aliingiwa na hofu: watu wakija hapa, nani atakubali kuondoka? Akawaachilia usubi. Mama alijua anachofanya! Dawa ni kupanda meli mapema, maana upepo ukianza kuvuma, wao hubaki gatini.

6. Sili

Wamelala juu ya mwamba, hawana habari na wewe. Karne ya 19 wawindaji wa ngozi nusura wawamalize. Wameupata usingizi huo kwa taabu, usiwapigie miluzi.

5. Mitre Peak

Najua. Wewe ulitaka huu uwe nambari moja. Mlima umechongoka, karibu mita 1,700, na unaanza pale pale kwenye maji bila kilima cha kutangulia. Umepigwa picha kuliko bibi harusi. Kinachonigusa zaidi ni sehemu yake isiyopigwa picha. Ukuta ule haukomi unapokutana na bahari: unaendelea kushuka, na kina cha fyodi kinafikia karibu mita 290. Nahodha anaweza kuisogeza meli hadi karibu ya jiwe bila kugusa chini. Basi tazama juu, halafu fikiria chini. Nambari tano inatosha, na mlima haujakata rufaa.

4. Maji mawili, moja juu ya jingine

Hapa usikimbilie vitafunio. Mvua ikipita msituni hubeba rangi ya majani yaliyooza, ikatiririka hadi baharini ikiwa ya hudhurungi. Maji matamu ni mepesi kuliko ya chumvi, kwa hiyo hayazami. Yanaelea juu kama tabaka la mita kadhaa na kuuzuia mwanga. Chini yake bahari inakuwa na giza kabla ya wakati wake. Ndiyo maana marijani nyeusi, ambayo kwingineko huishi kwenye vilindi virefu, hapa inaota mita kumi hivi kutoka juu. Kwenye ghuba ya Harrison kuna chumba cha kioo kilichozamishwa majini, na baadhi ya safari husimama hapo. Unashuka ngazi, unaitazama. Na marijani nyeusi ikiwa hai ni nyeupe! Weusi ni wa mifupa yake. Upande wa kaskazini wa fyodi umekuwa hifadhi ya bahari tangu 1993, na nasema hongera kwa waliofanya uamuzi huo.

3. Miti inayoteleza

Utaona msitu umeng'ang'ania mwamba wima, halafu ghafla kuna mstari mrefu wa jiwe tupu, kutoka juu hadi majini. Udongo pale ni haba mno. Miti inaota juu ya kuvumwani na sponji la majani, na mizizi yake imeshikana mkono kwa mkono. Mvua kubwa ikiulemea mti mmoja wa juu, unang'oka, unamvuta jirani, jirani anamvuta jirani, na kipande kizima cha msitu kinaingia baharini. Kisha kuvumwani huanza upya juu ya jiwe, ikifuatwa na majani, vichaka, na mwishowe miti. Kazi hiyo huchukua miaka mia na ushei. Msitu haukati tamaa, nami nimeupa medali ya shaba.

2. Bowen na Stirling

Maporomoko makubwa ya kudumu ni haya mawili. Bowen, mita 162, yako jirani na gati, na ndiyo yanayokipa kijiji maji na umeme. Kwa hiyo chai unayokunywa kabla ya safari imechemshwa na maporomoko hayo hayo, kwa maji yao na kwa nguvu zao.

Stirling yanazidi mita 150, karibu mara tatu ya Niagara kwa urefu, na hapo ndipo nahodha huonyesha ufundi wake. Huingiza omo la meli taratibu hadi chini ya maji yenyewe. Wenye busara hukimbilia tezi. Wewe nenda omo! Kishindo kinajaza kifua, ukungu unakuingia puani, na ukitoka hapo umelowa chapachapa. Waongozaji hutania kwamba anayelowa pale hurudi ujana miaka kumi. Watoto wadogo wasogezwe nyuma, basi.

1. Mvua

Hakuna kosa la uchapaji. Nambari moja ni mvua.

Piopiotahi hupata zaidi ya mita sita za mvua kwa mwaka. Dar es Salaam, pamoja na masika yake yote, hupata kama mita moja. Mwamba ni mgumu na udongo ni kiduchu, kwa hiyo hakuna cha kuyashika maji. Mvua ikikolea, dakika chache tu kuta zote mbili zinafunguka: maporomoko kwa mamia, mengine membamba kama uzi, mengine yanarushwa na upepo yakapanda juu badala ya kushuka. Mvua ikikatika, saa chache baadaye mengi yamekwisha. Wa siku ya jua ameona mlima na maporomoko mawili makubwa. Wa siku ya mvua ameona fyodi ikifanya kazi iliyoumbiwa.

Basi ukiamka Te Anau ukasikia matone juu ya bati, usirudishe tiketi. Uliza kwanza kama barabara iko wazi, kwa kuwa mafuriko huweza kuifunga, na Februari 2020 yalifanya hivyo na kuwakwamisha wageni kwa mamia. Wakikwambia iko wazi, vaa koti la mvua, funika kamera, mwamvuli uache hotelini, na uwe wa kwanza kusimama omo.