Namna ya Kujutia Kisu Ambacho Hukukinunua

Kununua kisu hakuhitaji akili. Unatoa pesa, unapewa kisu, unaenda kumenya mihogo, hadithi imekwisha. Lakini kukiona kisu kizuri, kukishika, kukipenda, kukirudisha mkekani kwa mwenyewe, kisha kukisimulia kwa miaka kumi, hiyo ni kazi ya watu wenye nidhamu. Wakusanyaji wa Marekani huifanya kazi hiyo kila mwaka mjini Atlanta, kwenye maonyesho yanayoitwa Blade Show, na hadi leo wapo wanaougulia visu vya fundi Bob Loveless. Walipokuwa na nafasi waliona bei ni kali; fundi alifariki 2010, na sasa visu vyake huuzwa kwa maelfu ya dola.

Sisi wa Uvira hatuhitaji viza. Tuna soko la Mulongwe, tuna la Kalimabenge, na tuna wahunzi. Fuata hatua hizi.

1. Chagua kisu kinachostahili machozi. Usipoteze majuto yako kwa kisu cha kiwandani chenye mpini wa plastiki. Hicho kitakuwepo kesho na keshokutwa, na mapacha wake mia wako kwenye katoni. Tafuta kilichofuliwa kwa mkono kutokana na springi ya lori, ile iliyokatika kwa kupanda na kushuka mteremko wa Ngomo. Chuma hicho ni kizuri kwa makali. Mhunzi hukifulia kivulini, kwa sababu juani hawezi kuisoma rangi ya moto. Kikiwa chekundu kiasi kwamba hata sumaku haikivuti tena, yaani karibu nyuzi 770, hukizamisha kwenye mafuta. Kisha hukipasha tena moto mdogo, polepole, maana chuma kigumu kupita kiasi hukatika kwa kuanguka tu sakafuni.

Ukitaka uhakika, omba tupa uipitishe kwenye makali. Ikiteleza, chuma kimeiva. Ikiuma, ni laini. Kikishafaulu mtihani huo, tazama mpini: fundi ameukata kwa jicho, na hataweza kuutoa mwingine ulio sawasawa nao hata akitaka. Hongera. Umepata kitu cha kukosa.

2. Kidharau mbele ya aliyekitengeneza. Anza kwa kuuliza bei ya jembe ambalo hulihitaji. Halafu, ukiangalia pembeni:

"Na haka kakisu, papa, ni bei gani?"

"Dola kumi."

"Dola kumi! Si chuma cha lori hiki?"

Swali hilo ni la lazima. Linafuta kwa pumzi moja makaa, mivukuto, nyundo na mgongo wa mzee wa watu. Usikubali kukumbuka kwamba jana jioni ulilipa zaidi ya hapo kwa Primus na mishikaki bila kumuuliza mwenye baa kama ile si nyama ya mbuzi tu.

3. Beba noti mbovu. Bei ikishuka hadi pale ulipotaka, hatari ya kununua inakuwa kubwa. Hapa ndipo noti ya dola iliyochanika kidogo pembeni inapookoa maisha. Itoe kwa heshima. Mhunzi ataiinua kwenye mwanga, ataigeuza, ataona ule mchaniko na kukurudishia. Sasa unaweza kuondoka umenuna, ukimlaumu yeye, soko na nchi nzima, na zile franka zilizojaa kwenye mfuko wako wa suruali zisijue kitu.

4. Ahirisha kwa kufuata mwezi. Mwezi ukiwa mpevu, taa za wavuvi hazina kazi ziwani: ndagala hawakusanyiki kwenye mwanga wa taa, nao mji unakosa pesa. Sema utanunua giza likirudi. Giza likirudi, mitumbwi ikaingia imejaa na pesa zikazunguka tangu Kavimvira hadi Kalundu, sema wakati huu una shughuli nyingi mno. Kwa mpango huu, mwezi mzima hauna siku hata moja ya kununua kisu.

5. Rudi umechelewa. Usirudi mapema, utakikuta. Rudi siku kitakapokuwa mikononi mwa mama muuza samaki, kikipasua kuhe mzima kuanzia kichwani bila kukwama kwenye mfupa. Mama huyu hakuuliza habari za springi. Alipitisha kidole, akalipa, akaanza kazi, na ndiyo maana kwa fani yetu hana kipaji chochote. Jaribu kumbembeleza:

"Mama, uniuzie hicho kisu."

"Na samaki nikate na meno, mwanangu?"

Weka jibu hilo moyoni. Litakufaa katika hatua inayofuata.

6. Kikuze. Kisu kilichokosekana hurefuka kila mwaka kama samaki aliyemponyoka mvuvi. Mwaka wa kwanza kilikuwa kizuri. Wa tatu kilikuwa kinanyoa ndevu. Wa tano, mzungu mmoja alikuwa akikitafuta. Usitaje bei kamwe. Wasikilizaji wakisikia ilikuwa dola kumi, huruma yao itageuka.

7. Fanya majuto yawe ya taifa. Ukichekwa kwa kulilia kisu kimoja, hamia Kasai. Wakuba wa huko husimulia kwamba mfalme wao Shyaam a-Mbul a-Ngoong, wa karne ya 17, aliwakataza watu wake kisu cha kurusha vitani akawaletea ikul, kisu cha amani. Sanamu yake ya mbao, ikul ikiwa mkono wa kushoto, iko British Museum mjini London tangu 1909, ilikopelekwa na Mhungari Emil Torday. Torday hakuwa na mwongozo huu. Hakungoja mwezi uzame, na alibeba vitu kwa maelfu.

Lalamika kwa sauti kwamba wageni wametuondolea urithi. Unayo haki, na malalamiko hayo ni ya kweli. Jihadhari tu mhunzi asiwe karibu, akakuuliza wewe mwenyewe umewahi kununua nini kwake.

Onyo. Njia hii ina adui mmoja: mzee yule bado anafua. Malori yanaendelea kuvunja springi, makaa yapo, na ukimwachia nusu ya bei leo, wiki ijayo atakupa kisu kilichokatwa kwa kipimo cha kiganja chako. Kazi yako yote ya miaka kumi itaharibika kwa dola tano. Kwa hiyo ukipita karibu na mivukuto yake, usimsalimie. Atakuuliza unataka nini, na wewe unakijua.