Namna ya Kukaa na Watu Hewani Bila Kuchukiwa

Umepata leseni ya redio ya ridhaa kutoka TCRA, mamlaka ya mawasiliano Tanzania, alama yako ya wito inaanza na 5H, na waya wa antena umeutundika kati ya miembe miwili hapo Kilosa. Hongera. Sasa nyamaza.

Hatua hii ndiyo inayowashinda wengi. Kwenye bendi ya mita 20, mawimbi ya mwenzako wa Mikumi yanapanda angani na kutua mbali sana, yakikuruka wewe uliye nyuma tu ya vilima. Yeye anazungumza na mtu wa Roma. Wewe unasikia kimya, unadhani uwanja ni wako, unafungulia sauti. Huko Roma mnasikika wote wawili, mmoja juu ya mwingine. Kwa hiyo uliza kwanza: “Masafa haya yana mtu?” Taja alama yako, subiri, uliza tena. Ukijibiwa kwamba yana mtu, hama. Usidai maelezo, bendi hiyo ina kilohezi 350, na mazungumzo yako yanahitaji kama tatu hivi.

Tatu, lakini si kwa Bwana Nisikike. Huyu amezungusha kitufe cha maikrofoni hadi mwisho, na sauti yake inafurika kwa majirani wa kushoto na kulia kama mgeni aliyekaribishwa sebuleni akaonekana jikoni. Punguza, bwana. Sauti safi hufika mbali kuliko makelele.

Yupo pia polisi asiyeajiriwa, anayewafokea wakosaji papo hapo, juu ya mazungumzo ya watu. Kelele yake ni mwingiliano uleule anaoukemea. Usimwige.

Megahezi 14.100 paogope kabisa. Vituo 18 duniani, kimojawapo 5Z4B cha Kenya, hupokezana hapo kila kimoja kwa sekunde 10, mzunguko mzima ukichukua dakika tatu. Watu wanavisikiliza ili wajue njia ya mawimbi imefunguka upande gani. Hadithi za mbuga ya Mikumi, hata ziwe tamu namna gani, zipeleke kwingine.

Halafu kuna 7.110, kitovu cha mawasiliano ya dharura katika kanda yetu. Tarehe 29 Machi 2009 vituo vya utangazaji viliondoka kati ya 7.100 na 7.200, tukaachiwa nafasi. Mwishoni mwa mwaka huohuo Mto Mkondoa ulifurika Kilosa, maji yakakata reli na kuwatoa maelfu majumbani. Mji unaoyajua maji hayo hauna sababu ya kuyachezea masafa haya. Ukisikia mtu anaomba msaada hapo, andika saa, mahali na anachohitaji. Akijibiwa na kituo kingine, ondoa kidole kwenye kitufe, uendelee kusikiliza. Asipojibiwa na mtu, mjibu wewe.