Anza na Kurudi

Karatasi ya ziara wanayogawiwa abiria wa meli za kitalii usiku wa kuamkia Zanzibar imepangwa kinyumenyume. Inaanza na mahali: mashamba ya viungo ya Kizimbani, kima punju wa Jozani, kobe wa Changuu, pomboo wa Kizimkazi, mchanga mweupe wa Paje. Picha ni kubwa, rangi zimekolea, na kima anamtazama msomaji kana kwamba wameahidiana. Muda uko chini kabisa, kwa herufi za kumtafutisha mtu miwani, nao umeandikwa "takriban". Abiria naye huchagua kwa mpangilio huohuo: anapenda mahali kwanza, kisha anazilazimisha saa zimtoshee. Tuchukue meli inayotia nanga saa mbili asubuhi na kung'oa saa kumi jioni. Ni saa nane, atasema, na papo hapo atazigawa: viungo tatu, kima mbili, ufukwe tatu. Hakuhesabu foleni ya kushuka, wala mwenzake wa basi aliyesahau kofia chumbani, wala choo chenye mlango mmoja na wateja arobaini, wala agizo la kuwa ndani ya meli mapema kabla haijaondoka. Zikitolewa hizo zinabaki tano, na mbili kati ya hizo ni za kukaa dirishani. Hoja yangu ni fupi: mwenye saa chache nchi kavu ashike kwanza saa ya kurudi, ahesabu kutoka hapo kwenda nyuma, halafu aende popote patakaposalia. Mara nyingi patakaposalia ni karibu na gati, na hapo ndipo ninapogombana na karatasi.

Kuna atakayeuliza mwandishi wa kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, wilayani Dowa nchini Malawi, nchi isiyo na bahari, amejulia wapi mambo ya meli za kitalii. Swali ni la haki, lakini aliyeuliza hajatazama vizuri pande zote mbili. Abiria wa meli hulala chumba chembamba chenye ukuta unaopitisha kikohozi cha jirani, hupanga foleni ya chakula, huonyesha kadi kila anapotoka na kila anapoingia, na akitaka kwenda mjini hupewa saa ya kurudi. Tofauti ni kwamba yeye amelipia dola nyingi ili aishi hivyo, sisi tumepewa bure. Kambi hii ilifunguliwa mwaka 1994 mahali ambapo zamani za Rais Banda palikuwa gereza la wafungwa wa siasa. Ilikusudiwa watu elfu kumi au kumi na mbili, na leo ina zaidi ya 50,000, wengi wakiwa wametoka Kongo, Burundi na Rwanda. Malawi ilipojiunga na Mkataba wa Wakimbizi mwaka 1987 iliweka masharti yake, likiwemo la uhuru wa kutembea, kwa hiyo kutoka kambini huhitaji kibali. Lilongwe iko kama kilomita 45 kutoka hapa. Safari ya saa chache katika mji usio wako, ukiwa na karatasi mfukoni na jicho kwenye jua, ni somo ambalo Dzaleka ingeweza kulifungulia chuo.

Lilongwe, tena, ni mji uliojengwa kwa ajili ya kumwadhibu mtu mwenye ratiba. Mitaa yake, iitwayo Area, ina namba badala ya majina, na namba hazifuatani ardhini. Mgeni aliyemaliza shughuli yake Area moja, akadhani kwamba inayofuata kwa hesabu ndiyo inayofuata kwa miguu, atajikuta saa sita mchana anaulizia njia kwa muuza mandasi. Mji Mkongwe uko upande wake na City Centre yenye maofisi upande wake, na kati yao imelala hifadhi ya wanyama, jambo zuri kwa wanyama. Mtu wa Dzaleka anayepanga kwenda benki, hospitali, ofisi ya City Centre, kwa shemeji na sokoni kwa siku moja amepanga kufika sehemu mbili na kuomba radhi sehemu tatu. Na hajafika kwenye gari la kurudi. Minibasi huondoka ikijaa, na kujaa kwake ni fumbo. Unaingia, unaona imebaki nafasi moja, unashukuru Mungu. Dakika tano baadaye vijana watano walioketi kwa utulivu, mmoja hata alikuwa amefumba macho, wanashuka mmoja mmoja kwenda kuita abiria wengine: walikuwa wapiga debe waliokaa ili gari lionekane limejaa. Nafasi moja imekuwa sita, na jua halijasimama kukungoja.

Waliozoea hufanya nini? Huchagua Tsoka. Soko hili liko Mji Mkongwe kando ya Mto Lilongwe, na mtu akifika asubuhi robota za kaunjika, yaani mitumba, zinapofunguliwa hahitaji pahali pengine. Wachaguzi huzunguka rundo wakiwa wameinama, mikono ikifanya kazi haraka kuliko macho. Mwanamume anatoa suruali, anaufunga mkanda wake na kuuzungusha shingoni. Ncha zikikutana nyuma, suruali itamtosha kiunoni, na hakuna aliyevua kitu mbele ya watu. Muuzaji anataja bei, mnunuzi anacheka, muuzaji anacheka zaidi, na bei haijashuka hata kwacha moja. Ng'ambo ya mto kuna soko jingine, na kuvuka ni kwa madaraja ya miti na mbao yaliyofungwa na vijana ambao hukaa mlangoni kukusanya ada. Daraja linatikisika kiasi cha kukukumbusha kwamba ulicholipia ni matumaini. Mtu akikaa hapo saa tatu, akala nsima na usipa, ameujua mji kuliko aliyepita Area tisa akiwa amekumbatia mfuko wake. Na stendi iko pale pale, kwa hiyo hata wapiga debe wakimlaghai mara mbili, bado atafika kabla ya giza.

Turudi Zanzibar. Fikiria basi la watalii linalokwenda Paje, upande wa mashariki wa kisiwa, mwendo wa saa nzima na zaidi kutoka bandarini. Abiria wamejipaka mafuta, taulo ziko begani. Wanashuka, wanapita chini ya minazi, wanafika ufukweni, na bahari haipo. Iko, ila imekwenda mbali huko kwenye mwamba, ikiacha mchanga, vidimbwi, na akina mama walioinama kwenye mashamba yao ya mwani kwa sababu maji kupwa ndiyo saa yao ya kazi. Siku za bamvua, mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu, maji hukimbia mbali zaidi. Mvuvi yeyote wa pale angekwambia siku hiyo wiki mbili mapema, bila malipo. Karatasi haikusema. Karatasi haina mwezi. Basi mtalii aliyevuka nusu ya dunia anatembea kuitafuta bahari, akikanyaga majongoo na kuogopa vigumba vya shoki, na anapoipata inafika magotini, na kiongozi anapiga mluzi kwamba muda umekwisha. Sikatai kwamba Paje ni pazuri. Ni pazuri kwa mtu anayelala Paje.

Wakati huohuo, kwa miguu kutoka gatini, alikuwa na Mkunazini. Kanisa kuu la Waanglikana lilianza kujengwa mwaka 1873 juu ya soko la watumwa lililokuwa limefungwa mwaka uleule, na madhabahu inasemwa kusimama palipokuwa na mti wa kufungia waliochapwa. Ni mahali pa kunyamaza, na siendi kupatania. Ila karibu na mlango kuna nguzo ambazo kila kiongozi wa Mji Mkongwe wa Zanzibar atakuonyesha: zimesimikwa juu chini. Hadithi inayosimuliwa ni kwamba Askofu Edward Steere aliondoka kidogo, na aliporudi mafundi walikuwa wameshamaliza. Steere aliijua lugha yetu vizuri hata akaandika vitabu juu yake, lakini naye alikuwa na ziara, na ziara ilimgharimu nguzo. Kutoka hapo Darajani si mbali, unanunua karafuu na mdalasini uleule ambao basi lingekupeleka kuutazama ukiwa mtini, na honi ya meli unaisikia. Karibu nako kuna bahati mbaya zake, nakubali: Beit al-Ajaib, jumba la Sultani Barghash lililojengwa mwaka 1883, liko mbele ya bahari kabisa, na sehemu yake iliporomoka siku ya Krismasi ya mwaka 2020. Lakini ukikuta mlango umefungwa hatua chache kutoka gatini umepoteza hatua chache. Ukiukuta umefungwa Jozani umepoteza siku.

Misheni aliyoitumikia Steere ilipanda bara, ikafanya makao kisiwani Likoma, katika ziwa ambalo Watanzania huliita Nyasa na Wamalawi huliita Malawi. Kesi hiyo sina kibali cha kuiingilia. Likoma ni ya Malawi ingawa imezungukwa na maji ya Msumbiji, na kanisa lake la Mtakatifu Petro, lililoanza kujengwa mwaka 1903, ni kubwa kiasi cha kumfanya mgeni aulize watu wote hao walitarajiwa kutoka wapi. Hapa ndipo ilipo meli yetu ya kitalii, tukiruhusu neno hilo linyooshwe. Ilala iliundwa Uskoti ikaletwa vipandevipande, nayo imekuwa ziwani tangu mwaka 1951. Kwa miaka mingi ilipofika Likoma haikuwa na gati ya kuegemea. Watu, kuku, magodoro na magunia walishuka kwa boti ndogo, mara nyingine usiku wa manane kwa sababu ratiba ni jambo moja na upepo wa mwera ni jambo jingine. Hakukuwa na karatasi ya ziara. Abiria aliyetaka kuliona kanisa hakumuuliza mtu saa, aliyatazama magunia. Yakiwa mengi, alipanda hadi kanisani na kurudi. Yakiwa machache, alinunua samaki ufukweni na kutosheka. Sijaona njia ya haki zaidi ya kupanga matembezi, na ingeweza kutumiwa na kampuni yoyote ya Ulaya kama ingekubali kubeba mahindi.

Sasa pingamizi. La kwanza husema: nunua ziara ya kampuni yenyewe, maana basi lao likichelewa meli husubiri, wakati aliyetoka na dereva wake mwenyewe huachwa gatini akipunga mkono. Kweli. Lakini hapo umenunua ruhusa ya kuchelewa, na ruhusa hiyo ina bei yake: unakwenda kwa mwendo wa abiria aliye mzito kuliko wote, na unasimama kila duka ambalo basi limezoea kusimama. La pili husema: sitarudi tena Zanzibar maishani, lazima nione vyote. Hili ndilo linalowapoteza wengi, kwa kuwa linafanana na busara. Asiyerudi tena ndiye mwenye sababu kubwa zaidi ya kukiona kitu kimoja vizuri, vinginevyo ataondoka na picha tano za vioo vya basi.

Pingamizi la tatu ni zito, nalo silitupi. Wote wakibaki mjini, fedha zitabaki mjini, na mwanakijiji wa mbali ataendelea kuona mabasi kwa vumbi tu. Jozani, kwa mfano, sehemu ya viingilio hurudi kwa vijiji vinavyoizunguka, na kima punju hawapatikani popote duniani nje ya Zanzibar. Basi anayetaka kwenda mbali aende, lakini aende huko peke yake: Jozani asubuhi, na kurudi. Aache viungo, aache pwani. Kijiji hakifaidiki na mgeni wa dakika kumi anayeshuka kutafuta choo.

Tunalijua hilo kwa sababu Dzaleka nayo ni kisiwa cha kushukiwa. Magari meupe hufika kutoka Lilongwe na wageni wenye ratiba iliyochapwa: shule dakika ishirini, zahanati kumi, kikundi cha akina mama wanaoshona kumi na tano, picha na watoto, maji ya chupa, kwaheri. Huondoka wakisema wametuona. Nasi huwa tumewaona pia, hasa saa zao. Kwa upande mwingine liko tamasha la Tumaini, lililoanza mwaka 2014, ambalo huwaleta wageni kwa muziki na michezo ya jukwaani, na lina mpango wa mgeni kulala kwa familia ya kambini, kula sahani yao na kusikia kikohozi cha jirani. Wanaokuja kwa siku moja huanza kuulizana habari za usafiri wakati wasanii bado wanapanda jukwaani. Wanaolala husikia mpaka wimbo wa mwisho. Ukija, msomaji, njoo na mswaki.