Kwa Heshima ya Mheshimiwa "Usakinishaji Umeshindikana"

Itifaki imezingatiwa. Nasimama mbele yenu kumsifu kiumbe ambaye hajawahi kusifiwa na mtu mwenye akili timamu. Waimbaji wanasifiwa, wapiga gitaa wanasifiwa, hata waliokuwa wakituuzia kanda mitaani tunawakumbuka kwa wema. Lakini nani amewahi kumpigia makofi Mheshimiwa "Usakinishaji Umeshindikana", yule ujumbe mwekundu anayejitokeza pale unapojaribu kuweka seva ya muziki ndani ya kasha la diski la nyumbani?

Kwa wasiomfahamu, nieleze anakoishi. Kasha hilo ni kompyuta ndogo isiyo na skrini wala kibodi, imejazwa diski na kuchomekwa kwenye ruta ili nyumba nzima ichote mafaili humo. Mtu aliyekwisha kuhamisha kanda zake zote kuwa mafaili, Mbaraka Mwinshehe na Bi Kidude wakiwemo, hutamani kasha hilohilo liendeshe na seva, yaani programu ya kupanga nyimbo na kuzipeleka kwenye spika za sebuleni na chumbani. Mimi niliichagua ile iliyozaliwa ikiitwa SlimServer, ikaja kuitwa SqueezeCenter, kisha Squeezebox Server, kisha Logitech Media Server, na leo ni Lyrion Music Server. Nikabofya "Sakinisha". Mheshimiwa akawasili.

Fadhila zake ndogondogo nitazipitia haraka. Amenifundisha kukesha bila kahawa. Amewapa majirani usiku wa utulivu. Ameifufua redio ya betri ya marehemu babu. Ameniongezea msamiati ambao watoto hawaruhusiwi kuusikia.

Fadhila yake kuu ni kutunza siri. Tafakarini anayoyajua! Anajua kwamba programu hii imeandikwa kwa lugha ya Perl, na kwamba baadhi ya moduli zake, yaani vipande vinavyoijenga, zimetayarishwa kwa toleo maalumu la Perl na aina maalumu ya kichakataji, kwa hiyo moduli za Intel hazitafanya kazi kwenye kasha la ARM. Anajua kama sasisho la mfumo la juzi limebadilisha Perl kimyakimya, moduli zikabaki yatima. Anajua kama folda ya muziki inamilikiwa na mtumiaji mwingine, seva haina ruhusa hata ya kuchungulia. Anajua kama poti namba 9000, ambayo seva hii huifungua kwa ajili ya kivinjari, imeshakaliwa na programu nyingine, PHP-FPM, ambayo nayo kwa desturi huipenda namba hiyohiyo. Anajua kama sehemu ya diski iliyotengewa mfumo imejaa pomoni huku terabaiti nzima za pembeni zikiwa tupu. Ameyaandika yote, kwa saa, dakika na sekunde, katika faili la kumbukumbu lililo ndani ya folda iliyo ndani ya folda, na huko hufiki mpaka uwashe SSH, njia ya kuingia kutoka kompyuta nyingine, na kuandika amri kwenye dirisha jeusi. Kisha anakuja mbele yako na maneno mawili.

Nchi yenye busara ingempa madaraka. Mteueni awe mwenyekiti wa tume ya uchunguzi. Tume za binadamu hukaa miezi, hula posho, husikiliza mashahidi, halafu ripoti haitoki. Yeye angemaliza kazi kwa sekunde moja, na ripoti isingetoka vilevile. Mkabidhini mitihani ya taifa, tuone nani atamtoa hata swali moja. Mtumeni akapeleke posa: baba wa binti aulize kijana anafanya kazi gani, ajibiwe "Imeshindikana", na koo mbili ziagane kwa amani bila yeyote kujua nani kamkataa nani. Mfanyeni msemaji wa idara ya maji. Mabomba yakikauka, wananchi wakiuliza sababu, atangaze: "Utoaji umeshindikana." Wakati mwingine nashuku huko ameshaajiriwa.

Naye akijisikia mkarimu, huongeza: "Tafadhali jaribu tena baadaye." Baadaye lini? Perl itajirekebisha baada ya swala ya Isha? Aliyeiandika sentensi hii alikuwa na taarifa zote mkononi. Mashine ilimpa namba ya kosa, jina la moduli iliyokosekana na toleo linalotakiwa; akazitupa zote, akaandika "jaribu tena", akaenda kuchukua mshahara. Mstari mmoja tu: "Toleo la Perl lililomo humu halilingani na kifurushi hiki." Mstari mmoja, jamani!

Mniwie radhi, wageni waalikwa. Turudi kwenye sifa, na tuwakumbuke pia waliomlea mheshimiwa. Niliwaandikia watu wa huduma kwa wateja wa kampuni iliyotengeneza kasha. Wakanijibu kwa adabu: zima, uwashe. Nikawatumia faili la kumbukumbu, mstari wenye kosa nimeupigia alama. Wakajibu kwa adabu ileile: zima, uwashe. Nilipong'ang'ania, kauli ya mwisho ikatoka: kasha lako limefikia ukomo wa huduma. Kasha lenyewe halina habari kwamba limefariki. Feni inazunguka, diski hazina kasoro.

Sasa tazameni upande wa pili. Slim Devices, walioianzisha seva hii, walinunuliwa na Logitech mwaka 2006. Mwaka 2012 spika na vichezeshi vya Squeezebox, vinavyopokea nyimbo kutoka seva hii, viliondolewa sokoni, na mwaka 2024 huduma ya mtandaoni ya Squeezebox ikazimwa. Kwa hesabu za biashara, vifaa vile vilipaswa kuwa mapambo. Lakini vinaimba hadi leo, maana msimbo wa seva uko wazi na watumiaji wake wameendelea kuutunza. Na seva hiyo, ikikosa moduli, huziorodhesha kwa majina, moja baada ya nyingine. Orodha hiyo niliikuta kwenye kumbukumbu. Kasha nililolilipia ndilo lililoimeza, likanitolea mheshimiwa.

Hapo siri ya mheshimiwa imefichuka. Mteja anayejua sababu hutengeneza. Asiyejua hununua jipya. Seva yangu nimeihamishia kwenye kompyuta ndogo ya Raspberry Pi, na kasha limebakiziwa kazi ya kuhifadhi mafaili tu.

Basi, ndugu msomaji, kabla hujatoa fedha dukani, muulize muuzaji mambo mawili: masasisho ya kasha hili yataendelea hadi mwaka gani, na faili lake la kumbukumbu linasomewa wapi? Akikujibu "itategemea", mpe mkono, mshukuru, uondoke na fedha zako.