Namna ya Kuua Difu ya Mbele kwa Hatua Sita

Difu ya mbele ya Land Cruiser ya mfululizo wa 70 ni chuma kigumu. Gari hili lilianza kuuzwa mwaka 1984, na hadi leo ndilo linalopeleka watalii Serengeti, chanjo vijijini na wajawazito hospitalini usiku wa manane. Hata hivyo difu yake inauawa, na mara nyingi wanaoiua ni watu wanaolipenda gari lao. Njia za kuiua ninazitaja hapa hadharani, hatua kwa hatua, ili mwenye gari azitambue na azikimbie.

Kwanza, mjue marehemu mtarajiwa

Ndani ya lile tumbo la chuma kwenye ekseli mna pinioni inayoletewa nguvu na propela, kraunwili inayozungushwa na pinioni, na gia ndogondogo zinazogawa nguvu kulia na kushoto. Gia hizo ndizo zinazoziruhusu tairi mbili kuzunguka kwa kasi tofauti. Ukikata kona ya robo duara, tairi ya nje hutembea mita 2 hivi zaidi ya ile ya ndani. Bila difu, moja ingeburuzwa.

Ukitaka kuiona kazi hiyo kwa macho, egesha gari mahali pa tambarare, vuta breki ya mkono, zuia tairi za nyuma kwa magogo, kisha inua ekseli ya mbele uiweke juu ya stendi imara. Funga habu zote mbili za tairi za mbele, weka foo-wili, liache gari kwenye gia ya kwanza likiwa limezimwa. Sasa zungusha tairi ya kushoto kwa mkono kwenda mbele. Ya kulia itarudi nyuma kwa kasi ileile. Dereva aliyeliona hilo mara moja hahitaji hotuba ndefu.

Hatua ya 1: Ingia lami na foo-wili

Gari nyingi za mfululizo huu hazina difu ya katikati. Ukiweka foo-wili, transfa, yaani sanduku la gia linalogawa nguvu mbele na nyuma, inazifunga propela ya mbele na ya nyuma zizunguke sawasawa. Lakini kwenye kona ekseli ya mbele hupita njia ndefu kuliko ya nyuma. Chukua gari ambalo kati ya ekseli zake mna mita 3, likizunguka duara ambalo ekseli ya nyuma iko mita 6 kutoka kitovuni: kwa duara moja, ekseli ya mbele hutembea mita 4 na zaidi kupita ya nyuma. Propela ya mbele inataka kukimbia, ya nyuma inaikataza.

Topeni tairi huteleza kidogo, mkazo ukaisha. Kwenye lami kavu tairi imeshika, kwa hiyo mkazo unabaki ndani ya propela, krosi na meno ya gia. Dalili zake ni usukani mzito, gari kugoma kwenye kona kana kwamba breki imeshika, na wenzo wa transfa kukataa kutoka. Usiupige teke. Rudi nyuma mita chache kwa mstari ulionyooka, mkazo ulegee, ndipo uutoe. Tope husamehe, lami haisamehi.

Hatua ya 2: Changanya tairi

Weka mpya mbele, vipara nyuma. Au saizi moja kulia na nyingine kushoto. Tairi ndogo huzunguka mara nyingi zaidi kwa kila kilomita. Zikitofautiana kati ya mbele na nyuma, ukiweka foo-wili propela zinavutana hata barabara ikiwa imenyooka. Zikitofautiana kwenye ekseli moja, gia ndogo za difu hazipati mapumziko safari nzima, wakati zilikusudiwa kona tu. Ukinunua tairi, nunua za saizi moja zote, na uzihamishe mbele na nyuma ili ziishe pamoja.

Hatua ya 3: Tairi moja ikizunguka bure, kanyaga mafuta

Hapa ndipo difu isiyo na loki, yaani kifungio cha kuzilazimisha tairi zake mbili ziende sawa, haieleweki kwa wengi. Hiyo huzipa tairi zake mbili nguvu iliyo sawa, hata moja ikiwa kwenye jiwe na nyingine kwenye uji wa tope. Ya topeni haihitaji nguvu nyingi ili izunguke, basi ile ya kwenye jiwe nayo inapata hichohicho kidogo. Ndiyo maana gari lenye foo-wili huonekana likizungusha tairi moja mbele na moja nyuma, huku limesimama palepale.

Ukiongeza mafuta wakati huo, gia ndogo zinazunguka kwa kasi na joto linapanda. Tairi ile ikishika ghafla, pigo lote linaingia kwenye meno ya difu na kwenye shafti. Kwenye udongo mweusi wa mbuga, ule unaopasuka kiangazi na kunata masika, zima papara. Punguza upepo, chimba mbele ya tairi, tandika mawe au mbao, kisha toka taratibu kwa gia nzito ya transfa, L4.

Hatua ya 4: Funga loki ya mbele, kisha kata usukani

Kwenye matoleo yenye loki za umeme, swichi inaanza na loki ya nyuma. Ya mbele inafuata. Mpangilio huo ni onyo. Loki ya mbele ikifungwa, tairi mbili za mbele zinalazimika kwenda kasi moja, usukani unakuwa mzito na gari linang'ang'ania kunyooka. Ukikata hadi mwisho ukiwa mlimani na mguu kwenye mafuta, jointi iliyo nyuma ya tairi ndiyo inayolipa. Ifunge ukiwa umekwama, tembea mwendo wa mtu kwa mstari ulionyooka, ifungue mara utokapo.

Hatua ya 5: Tumbukiza difu ya moto kwenye mto

Difu iliyotoka safari ndefu ina hewa ya moto ndani. Ikigusa maji baridi, hewa hiyo hunywea na kuvuta. Kama bomba la kupumulia limezibwa na tope, inavuta maji kupitia sili. Subiri ipoe kabla ya kuvuka, na uhakikishe bomba liko wazi na limepandishwa juu. Baada ya mto, fungua nati ya kujazia. Oili ikiwa nyeupe kama maziwa, imwage siku hiyohiyo.

Tazama pia lile tufe la chuma nyuma ya tairi ya mbele. Likilowa uji mweusi wa oili na grisi, sili ya ndani imekufa, na oili ya difu inaosha grisi ya jointi.

Hatua ya 6: Isahau

Habu zikikaa wazi miezi mingi, difu ya mbele haizunguki. Oili inatulia chini, beringi za juu zinakauka. Vitabu vya Toyota vinashauri kuendesha kwa foo-wili angalau kilomita 16 kila mwezi. Fanya hivyo kwenye barabara ya vumbi. Tumia oili ya difu ya GL-5, kwa sababu meno ya gia hizi husuguana kwa kuteleza na oili nyepesi haiwezi kuyatenganisha. Wakati wa kubadilisha, fungua nati ya kujazia kwanza; ukishamwaga halafu ya juu ikagoma, gari haliondoki hapo. Unga laini wa kijivu kwenye sumaku ya nati ya kumwagia ni uchakavu wa kawaida. Vipande vya chuma si vya kawaida.

Mwenye gari, usimlaumu dereva kwa difu ambayo hukuinunulia oili. Dereva, usimfiche tajiri wako mlio uliousikia leo. Na wewe unayeendesha gari la wagonjwa, pita gereji kabla masika hayajaanza, ulale chini ya gari pamoja na fundi, mkague bomba, sili na oili kwa macho yenu wenyewe. Kuna mtu atakayelihitaji gari hilo lifike.